Land Rover ya turubai uliyoiweka hadi ustaafu: uirudishe ilivyotoka kiwandani, uiboreshe kwa ndani, au uifunge injini ya Toyota?

Dodoma ina Land Rover nyingi zinazowasubiri wenyewe wastaafu. Utaziona nyuma ya nyumba za Chang'ombe na Kikuyu, chini ya mikwaju kule Mpwapwa, kwenye maboma ya Kongwa na Bahi, matairi yamekaa chini na kuku wanataga sakafuni. Nyingi ni zile za wazi, zenye turubai linalofungwa kwa kamba juu ya matao ya chuma. Ukiliondoa turubai na kulaza kioo cha mbele juu ya boneti, gari lote liko hewani. Mwenyewe aliipata kwenye mnada wa serikali au aliachiwa na mzazi wake, akasema ataishughulikia akistaafu. Sasa miaka 60 imetimia, mafao yameingia benki, na watoto wanauliza kama chuma kile kiuzwe kwa kilo.

Usiiuze. Lakini usiifungue bado. Land Rover huvumilia kukaa chini ya mti miaka mingi. Isichovumilia ni kufunguliwa nati zote kwa wiki moja ya hamasa, vipande vikasambaa gereji tatu, halafu mwenyewe akabadili nia katikati ya kazi.

Njia zinazozungumzwa ni tatu. Ya kwanza ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, hadi rangi na taa. Ya pili ni kuiacha ionekane vilevile na injini yake ileile, ila uiwekee breki, umeme na mikanda ya zama hizi. Ya tatu ni kutoa injini na kufunga dizeli ya gari jipya zaidi, ambayo huku kwetu karibu kila mara huwa ni ya Toyota. Njia zote tatu zimewahi kumpa mtu furaha, na zote zimewahi kumshinda mtu. Inategemea kama njia imelingana na gari, na mfuko, na safari za mwenyewe.

Ijue kwanza uliyonayo

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Toleo la pili, Series II, lilifuata mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Ninazokutana nazo zaidi huku ni IIA na III. Taa za mbele zikiwa zimebanana katikati, kando ya grili, gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa kwenye madigadi na grili ikiwa ya plastiki, ni Series III. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma: inchi 88 ni fupi, inchi 109 ni ile ndefu.

Umri huo una maana kwenye kazi yenyewe. IIA haina sinkromeshi (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia zinapoingiana) kwenye gia ya kwanza na ya pili, kwa hiyo inadai dereva anayejua kulinganisha mwendo wa injini na gia. Series III inayo kwenye gia zote nne za mbele. Na kwenye Land Rover za kabla ya takriban 1967, waya wa betri unaofungwa kwenye bodi ni wa upande chanya. Ukifunga alteneta (mashine ya kuchaji betri) au redio ya leo bila kugeuza mfumo huo, itaungua palepale.

Mambo ya kupimia

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo haya: fedha na jinsi zinavyotoka, spea na fundi, usalama, safari utakazofanya na mwili utakaozifanya, kisha uhalisi na karatasi.

Kuhusu fedha, niseme hili mapema kwa sababu nalijali. Mkupuo wa mafao haukutolewa kwa ajili ya gari. Tenga kwanza ya nyumba, matibabu na ada za wajukuu kama zinakuhusu. Gari lipate fungu lake dogo linalojulikana, na theluthi moja ya fungu hilo isiguswe mpaka kazi ifike mwisho, kwa sababu mwishoni ndiko mambo yasiyotarajiwa hujitokeza. Fundi alipwe kwa hatua: chesisi ikisimama, injini ikiwaka, breki zikishika. Asilipwe yote mwanzoni, hata kama ni mtoto wa ndugu yako.

Na kuhusu mwili, watu hulisahau kabisa. Usukani wa Land Rover ya zamani ni mzito gari likiwa limesimama, klachi yake ni ngumu, na springi zake za vyuma bapa hazimwonei huruma mtu mwenye mgongo. Ulivyoiendesha ukiwa na miaka 30 hakukupi picha ya utakavyoiendesha ukiwa na 63.

Kazi ambayo njia zote tatu zinaidai

Njia hizi hazitengani mwanzoni. Zinatengana kwenye injini, na kabla ya hapo kuna kazi kubwa ambayo ni ileile kwa kila mtu.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu iliyoitwa Birmabright. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa kinagawiwa kwa mgao Uingereza, aluminiamu ikapatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana bodi hailiwi na kutu na wengi hudhani gari lao ni zima. Chesisi lakini ni ya chuma, na umbo lake ni la boksi lenye uwazi ndani, kwa hiyo kutu huanzia ndani ambako jicho halifiki. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga mwamba wa nyuma kabisa, gonga mikono inayotoka pembeni kushika bodi, gonga mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi hupenya. Angalia pia ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, hasa pale miguu inapokaa na chini ya bawaba za milango. Aluminiamu inapokutana na chuma, unyevu ukiingia katikati, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe. Ukiuona, usiufute tu: fungua, safisha, weka kitu cha kutenganisha metali hizo mbili, kisha funga.

Hapa Dodoma imetupendelea. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu. Gari lililokaa Bahi miaka yote hiyo huwa na chesisi nzuri kuliko lililokaa Tanga au Zanzibar likila chumvi ya bahari. Kwa hiyo muulize aliyekuuzia gari liliishi wapi. Ni swali muhimu kuliko lilikwenda kilomita ngapi. Jua letu nalo lina gharama yake: turubai, mipira ya vioo, mabomba ya maji na nyaya zote huwa zimekauka na kupasuka, na hivyo hubadilishwa vyote, bila kubahatisha.

Injini iliyolala miaka usiipige stata. Toa mafuta yaliyogeuka gundi tangini, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache, kisha izungushe kwa mkono. Nati zake nyingi ni za inchi, na fundi kijana mwenye spana za milimita peke yake atazila vichwa zote. Mnunulie seti ya inchi kabla hajagusa chochote.

Breki ndizo zinazonifanya nisimame zaidi. Land Rover nyingi za zamani zina mfumo wa breki wa njia moja: masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) moja, bomba moja linalogawanyika kwenda magurudumu yote manne. Bomba likitoboka popote, pedali inazama na hakuna gurudumu hata moja litakaloshika. Mabomba yote, silinda za magurudumu na mipira yake vibadilishwe, hata kama vinaonekana vizima. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayokuruhusu kuruka hapa.

Rangi iwe ya mwisho, na majira yake ni Mei, mvua zikiwa zimekwisha na vumbi bado limelala. Ukingoja upepo wa Julai hadi Oktoba, utapaka rangi na mchanga kwa pamoja. Turubai jipya si lazima liagizwe nje: mafundi wanaoshona maturubai ya malori wanaweza kulishona vizuri wakipewa la zamani kama kipimo, mradi umepata kitambaa kinachostahimili jua.

Njia ya kwanza: ilivyotoka kiwandani

Fedha. Zinatoka kidogokidogo kwa muda mrefu. Injini ya lita 2.25, iwe ya petroli au ya dizeli, ni rahisi kufanyiwa ovahoo: silinda zinachongwa, pistoni za saizi ya juu zinaingia, kranki inasuguliwa. Vinavyomaliza fedha ni vitu vidogo vya kuonekana, yaani kioo sahihi cha taa, saa ya spidi inayofanya kazi, vitasa, beji, kabureta ya aina yake.

Spea na fundi. Spea za Series zinapatikana kuliko watu wanavyodhani. Uingereza bado wanatengeneza karibu kila kitu, hata chesisi nzima iliyochovywa zinki. Kwa hapa nchini, Arusha ndiyo yenye mafundi waliozeeka na magari haya, kwa sababu ya utalii. Oktoba 2024 mji huo ulifanya tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari, na mtu aliyetembea katikati yake aliona ni nani anajua nini. Kutoka Dodoma ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Kondoa na Babati, lami tupu. Ukihitaji maduka ya Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 inakuwezesha kwenda asubuhi na kurudi usiku na kabureta mkobani.

Usalama. Ni ule wa miaka ya 1960 na 1970. Breki za dramu zilizorekebishwa vizuri zinasimamisha gari kwa mwendo wa mjini. Kwenye mteremko mrefu hupata moto na kulegea, na ukivuka korongo lenye maji hupoteza nguvu mpaka zikauke. Gari la wazi la zamani halina nguzo ya kushikia mkanda wa bega wala kitu cha kumkinga abiria likipinduka.

Safari na mwili. Injini ya petroli ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi zipatazo 70 na kitu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo injini isiyo na tabo (kipulizo kinachosukuma hewa ndani ya injini) hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Uwiano wa difu (gia za kwenye ekseli) ni 4.7 kwa 1, kwa hiyo ukizidi kilomita 80 kwa saa injini inapiga kelele na mazungumzo yanakoma. Lita moja ya petroli inakupeleka kama kilomita 5 au 6. Ni gari la Jumapili, la Nane Nane pale Nzuguni, la kuwabeba maharusi, la kwenda Chamwino na kurudi. Usukani unabaki mzito. Tairi nyembamba za saizi ya asili husaidia kidogo.

Jambo moja la injini ya petroli lisisahaulike. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na risasi ile ilikuwa inalinda siti za valvu kwenye injini nyingi za zamani. Silinda hedi ikishafunguliwa, mwambie fundi azikague siti, na kama zimelika aweke ngumu. Chujio la hewa la asili, lile lenye bakuli la oili, liache mahali pake. Kwa vumbi la Dodoma linafanya kazi nzuri sana, ilimradi oili yake inabadilishwa mara kwa mara.

Uhalisi na karatasi. Hapa njia hii haina mpinzani. Namba ya injini inalingana na kadi, na mnunuzi wa magari ya zamani hulipia hilo. Hata hivyo usipige hesabu ya faida: saa zako za kazi hazitarudi kwa bei.

Inamfaa nani. Mwenye gari lililo kamili, ambalo halijawahi kukatwakatwa, mwenye gari jingine la shughuli za kila siku, na mwenye kupenda kutafuta. Kwake yeye kupata kitasa sahihi baada ya miezi ni starehe.

Njia ya pili: sura ileile, moyo uleule, usalama wa leo

Fedha. Ni za wastani, ila hazina ukingo. Kila unachoongeza kinaita kingine: usukani wa umeme unaita alteneta, alteneta inaita nyaya mpya. Andika orodha, iweke ukutani, na kisichokuwemo kisubiri mwaka ujao.

Orodha yangu mimi, kwa mpangilio wa umuhimu, ingeanza na masta silinda ya njia mbili pamoja na sevo (kisaidizi cha kukanyaga breki). Kisha mikanda na upinde imara wa chuma uliofungwa kwenye chesisi, siyo kwenye aluminiamu, maana bila upinde huo mkanda wa bega hauna pa kushikia. Kisha breki za diski mbele. Kisha alteneta na taa zinazomulika kweli, kwa sababu usiku kwenye barabara ya Kondoa taa za asili hazikuonyeshi ng'ombe kwa wakati. Ndipo niende kwenye starehe: mfumo wa kuwasha plagi usio na pointi, gia ya nyongeza ya kupunguza mzunguko wa injini safarini, na usukani mwepesi.

Spea na fundi. Hapa unahitaji fundi umeme mzuri kuliko fundi injini. Baadhi ya mafundi duniani huchukua mota ya usukani wa umeme kutoka gari dogo na kuifunga kwenye Land Rover, na Vitz zilizokwisha kazi hapa hazikosekani. Wazo ni zuri, lakini sikiliza: mhimili wa usukani usiunganishwe kwa kuchomelea barabarani. Upelekwe karakana yenye mashine ya kuchonga, uungwe kwa meno na boliti. Mhimili ukikatika, hakuna breki itakayokusaidia kwenye kona.

Usalama. Ndiyo faida kubwa ya njia hii. Gari linasimama kwa njia iliyonyooka, na bomba moja likipasuka magurudumu mawili bado yanashika.

Safari na mwili. Nguvu ni zilezile za zamani, na petroli inaliwa vilevile. Lakini uchovu unapungua sana, na mama watoto atakubali kupanda. Mtera na kurudi inakuwa safari ya siku moja isiyomaliza mtu.

Uhalisi na karatasi. Injini haijabadilika, kadi haiguswi. Weka sharti moja kwa fundi: kila kinachofungwa kiweze kufunguliwa bila kukata chuma. Vilivyotolewa viwekwe kwenye kreti na kuandikwa majina, ili mjukuu atakayetaka kuirudisha ilivyokuwa aweze.

Inamfaa nani. Mtu ambaye injini yake bado nzima au inaokoleka, anayetaka kuendesha wikendi na familia, na ambaye magoti au mabega yameanza kusema.

Njia ya tatu: injini ya Toyota

Fedha. Zinatoka kwa mkupuo, nyingi mwanzoni. Injini yenyewe ni nusu tu ya habari. Kuna bamba la kuunganisha injini na gia boksi, vishikio vya injini, rejeta kubwa, ekzosi, propela shafti zinazokatwa upya. Anayekupa bei ya injini peke yake hajakupa bei ya kazi.

Spea na fundi. Hapa ndipo njia hii inapozishinda zote. Kutoka Manyoni hadi Kibaigwa hukosi mtu anayejua injini za Toyota na duka lenye filta yake. Chaguo la injini lakini lifanywe kwa akili. Wengi hukimbilia 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita. Ni injini ya kuaminika sana, lakini ni ndefu na nzito, na msukumo wake wa kuzungusha ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa petroli ya lita 2.25. Gia boksi ya Series na shafti za nyuma hazikujengwa kwa mzigo huo. Shafti za nyuma zilijulikana kwa kukatika hata na injini ya asili. Ukifunga 1HZ, hesabu pia gia boksi yake na difu imara, na hapo umebakiza Land Rover kwa nje tu. Injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8 ya silinda nne iliyokuwa kwenye Hiace na Hilux, inakaribiana zaidi na nguvu za asili na inaingia pale mbele bila kukata sana. Na asiyetaka Toyota ana 200Tdi ya Land Rover yenyewe, lita 2.5 yenye tabo, ambayo inafungika kwenye gia boksi ya Series kwa marekebisho machache. Tabo inarudisha nguvu ambayo mwinuko wa Dodoma unaichukua. Udhaifu wake ni kwamba spea zake hazipo kila kona kama za 3L.

Usalama. Unategemea kabisa kama umefanya breki kwanza. Gari lililokuwa linafika kilomita 80 kwa taabu sasa linafika 100 kwa urahisi, likiwa na dramu zilezile, chesisi ileile na bila mkanda. Anayechagua njia hii achukue nusu ya kwanza ya orodha ya njia ya pili kama sehemu ya bei, la sivyo asubiri.

Safari na mwili. Hii ndiyo inayokwenda Iringa, Singida, au Arusha kwa sherehe na kurudi kesho yake. Dizeli inakwenda mbali zaidi kwa lita. Mtetemo unaongezeka, na kwenye gari la wazi sauti ya dizeli inakaa na wewe safari nzima.

Uhalisi na karatasi. Kwa mkusanyaji, thamani inashuka. Kwa mkulima, inapanda. Injini ikibadilika, kadi ya gari lazima ibadilishwe TRA, kwa hiyo dai risiti na hati za injini kabla ya kulipa. Injini isiyo na karatasi itakusumbua siku ya ukaguzi na siku ya kuuza. Kampuni ya bima nayo ielezwe. Na kama kadi bado iko kwa jina la marehemu, maliza mirathi kwanza, kwa sababu hakuna marekebisho yatakayopita juu ya jina la aliyefariki.

Inamfaa nani. Mwenye shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi anayetaka gari lifanye kazi kila wiki. Pia mwenye Land Rover ambayo injini yake iliuzwa zamani au imepasuka bloku, na bodi imeshatobolewa na kubandikwa na watu wengi. Huyo hana uhalisi wa kuulinda.

Na umeme?

Wapo wanaouliza kwa nini wasifunge mota na betri, jua likiwa jingi hivi. Huko Ulaya Land Rover za namna hiyo zipo, ni kimya na zinapendeza. Kwetu betri ndiyo bei, na fundi wa mifumo ya volti kubwa ni wa kutafutwa. Kama mwanao ni mhandisi wa umeme na safari zako haziendi mbali zaidi ya Ihumwa, lifikirie. Vinginevyo chagua kati ya zile tatu.

Kwa hali yako

Kama gari ni kamili, kadi iko kwa jina lako, na una gari jingine, njia ya kwanza itakupa kazi ya mikono kwa miaka na kitu cha kuwaonyesha watu. Ukiona unataka kwenda nalo mbali baada ya mwaka, utahamia njia ya pili bila kupoteza chochote. Kutoka ya tatu kurudi ya kwanza ni vigumu sana, na hilo liwe na uzito kwako.

Kama unaishi mjini, una wajukuu wanaotaka kupanda, na mgongo wako si wa zamani, angalia ya pili kwanza. Ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanya masta silinda ya njia mbili, usitake rangi.

Kama unalitegemea gari kwa shamba, au hakuna fundi wa Land Rover karibu nawe, ya tatu ni ya haki, kwa 3L kabla ya 1HZ.

Kama chesisi imeoza kiasi cha bisibisi kupenya sehemu nyingi, tafuta kwanza bei ya chesisi nyingine, iwe mpya au ya gari lililokufa huko Kongwa. Mpaka uwe na jibu hilo usinunue injini yoyote.

Na kama bado umesimama njia panda, anza ile kazi ya pamoja mvua zikikatika: chesisi, ukuta wa mbele, mabomba ya breki, nyaya. Hakuna shilingi hapo itakayopotea. Ukifika kwenye injini, pima mgandamizo wa silinda zote nne. Zikilingana, njia ya kwanza na ya pili ziko wazi kwako kwa gharama ndogo. Zikiachana sana, chukua siku moja uulize bei mbili, ya ovahoo kamili na ya 3L iliyofungwa hadi ikawaka, ziandike kwenye karatasi moja, kisha uamue.